Kompyuta ya Kikundi: Tujaribu Init Mpya Bila Kupoteza Hesabu

Hesabu za michango zikishaingia kwenye kompyuta, kompyuta hiyo si mchezo tena. Imekuwa kama sanduku la pesa za watu wote.

Sasa tuseme yenu ni kuukuu, inatumia Linux, na asubuhi inachukua muda mrefu kuwaka. Kijana mmoja anasema, "Tubadilishe init, itaenda mbio!" Je, mkubali? Kabla ya kumjibu, tuelewe kwanza init ni kitu gani.

INIT NI NINI?

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kompyuta hujikagua, halafu hupakia keneli, yaani kiini cha Linux kinachoongoza mashine yote. Keneli nayo huanzisha programu moja ya kwanza. Hiyo ndiyo init. Hupewa namba 1, na ndiyo inayoamsha zingine: mtandao, printa, na ule ukurasa wa kuandika jina na nenosiri.

Init ni kama mwenyekiti. Asipofika, mkutano haufunguliwi, hata kama katibu na mweka hazina wameshakaa. Init ikikosekana, kompyuta inasimama hapo hapo. Hesabu zenu bado ziko kwenye diski, lakini mlango umefungwa.

YA ZAMANI NA MPYA

Kwa miaka mingi Linux nyingi zilitumia sysvinit. Hii huita huduma kwa foleni, kwa kufuata namba. Ni rahisi kuielewa, lakini mmoja akichelewa, wa nyuma wanangoja.

Mwaka 2010 ikaja systemd, iliyoanzishwa na Lennart Poettering na Kay Sievers. Hii huanzisha huduma nyingi kwa pamoja. Ni kama mapishi ya sherehe: huyu anachota maji, yule anawasha moto, na anayengoja ni yule wa kusonga ugali tu. Huduma ikianguka, systemd inaweza kuiinua tena. Wanaoipinga wanasema imekuwa kubwa mno na imeshika kazi nyingi mno.

Mabishano hayo yalifika mbali. Februari 2014 kamati ya ufundi ya Debian, yenye watu 8, iligawanyika nusu kwa nusu. Mwenyekiti wao, Bdale Garbee, akaamua kwa kura yake ya mwenyekiti, na systemd ikapita. Debian 8 ikatoka nayo mwaka 2015. Wasioridhika wakajitenga wakaanzisha Devuan, ambayo inakuachia uchague sysvinit, OpenRC au runit. Kwa hiyo mkibishana kwenye kikundi msione aibu. Wataalamu nao walibishana.

SHIDA IKO WAPI KWANZA?

Fungueni dirisha la kuandikia amri, muandike: ps -p 1 -o comm=

Jibu litawaonyesha jina la programu namba 1. Likiwa systemd, andikeni: systemd-analyze blame

Mtaona orodha ya huduma na muda ambao kila moja imechukua. Pengine ni huduma moja tu ambayo hamuitumii, na fundi anaweza kuizima. Ikiwa shida ni diski iliyochoka au memori ndogo, kubadilisha init hakutawasaidia sana.

NAMNA YA KUJARIBU

1. Nakilini hesabu zote kwenye flashi. Kisha fungueni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, muone kama inasomeka kweli. Daftari la karatasi lisitupwe.

2. Jaribuni kwa flashi nyingine. Linux kama antiX, iliyotengenezwa kwa kufikiria kompyuta za zamani, huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Toleo la 23, la mwaka 2023, linapatikana na sysvinit au runit. Msipochagua kuiweka kwenye diski, Linux yenu ya zamani inabaki ilivyo. Mkichomoa flashi na kuwasha upya, mnarudi mlipokuwa.

3. Ikipendeza, iwekeni kwenye kompyuta ya pembeni isiyo na hesabu za mtu. Itumieni wiki mbili. Je, printa inachapa? Intaneti ya simu inashika? Inazima vizuri? Stima zikipotea ghafla, inawaka tena bila shida? Andikeni kila jibu.

4. Hakikisheni watu wawili au zaidi wanajua kuiwasha na kuitengeneza. Amri za systemd na za runit si sawa. Kijana yule akipata kazi Nairobi, nani atabaki anajua?

5. Leteni majibu mbele ya kikundi, muamue pamoja. Mkikubali, msibadilishe wiki ya kugawana fedha. Flashi ya Linux ya zamani iwe tayari mezani.

Hatua hizi zinaonekana nyingi, lakini pigeni hesabu. Kompyuta ikikataa kuwaka kisiwani Mfangano, ni kuipakia kwenye boti hadi Mbita, kisha matatu kutafuta fundi. Wa Nyatike naye ataibeba hadi Migori mjini. Wakati huo wote wanachama wanauliza michango yao iko wapi, na mweka hazina hana la kuwaonyesha. Mkianza na flashi, mtajua mapema kama init hiyo inawafaa, na hesabu zitabaki salama.