Nafaka Zilizovunja Rekodi, Zikipimwa kwa Mvua ya Dodoma

Mwaka 2023 David Hula, mkulima wa jimbo la Virginia nchini Marekani, alivuna karibu tani 15.8 za mahindi kwa ekari moja. Hizo ni gunia 158 za kilo mia, na hakuna aliyewahi kupata zaidi katika mashindano ya kitaifa ya wakulima wa mahindi wa nchi hiyo. Ukiisoma habari hiyo ukiwa Kizota, jirani na maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, hesabu inakuja yenyewe. Mtama nchini Tanzania hutoa kwa wastani kama tani moja kwa hekta, yaani gunia nne kwa ekari. Ekari moja ya Hula ingefanya kazi ya ekari zetu karibu arobaini.

Shamba lile lilimwagiliwa maji. Dodoma tuna mvua za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka haifiki hata milimita 600 mara nyingi. Kwa hiyo nimeziorodhesha rekodi za nafaka kwa namna nyingine: nimetafuta jeni zilizofanya makubwa, kisha nikaiuliza kila moja ingetusaidia nini huku kwetu. Jambo lililonishangaza ni kwamba karibu zote ni jeni zilizoharibika.

Rekodi kongwe ni ya mtama, na iliwekwa Afrika. Nyasi za porini hupukutisha mbegu mara zinapoiva, ndivyo zinavyoenea. Mashariki mwa Sudan vimepatikana vipande vya vyungu vya takriban miaka 3000 kabla ya Kristo vyenye alama za makapi ya mtama uliokwisha kuanza kuzishika punje zake. Mwaka 2012 wanasayansi waliitambua jeni inayohusika, wakaiita Sh1. Katika mtama unaolimwa jeni hiyo imeharibika kwa njia tatu tofauti. Wavunaji wa kale walikwenda nyumbani na punje zilizobaki kwenye suke, wakazipanda, na kizazi baada ya kizazi wakaujaza ulimwengu mimea isiyoweza kujipanda yenyewe. Sioni kazi nyingine ya uzalishaji mbegu iliyozidi hii kwa ukubwa, na waliofanya hawakuacha hata jina.

Jeni zilizolisha watu wengi zaidi katika karne ya 20 ni zile zilizofupisha mimea. Norin 10, ngano fupi ya Japani iliyotolewa mwaka 1935 kwa kazi ya Gonjiro Inazuka, ilifika Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha ikaingia mikononi mwa mzalishaji wa mbegu Norman Borlaug kule Meksiko. Borlaug alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970. Mwaka 1999 ikaeleweka siri ya ufupi ule: badiliko la herufi moja tu ya kinasaba linatosha kuufanya mmea usiitikie homoni ya kurefuka. Mpunga wa IR8, uliotolewa Ufilipino mwaka 1966, ulifupishwa na jeni nyingine, sd1, ambayo hupunguza utengenezaji wa homoni hiyo hiyo. Bua refu likipewa mbolea hulemewa na suke, likalala, punje zikaoza. Bua fupi hustahimili uzito.

Mtama nao una jeni nne za ufupi, Dw1 hadi Dw4, zilizoelezwa na watafiti Quinby na Karper mwaka 1954. Dw3 ndiyo isiyotulia kuliko zote ninazozijua. Ndani yake kipande cha kinasaba kimejirudia mara mbili, na mara chache kile cha ziada hujitoa, jeni ikapona. Ndipo unapoona, katikati ya shamba la mtama wa kufikia kifuani, bua moja refu limezipita nyingine zote.

Macia, mtama mfupi mweupe unaokomaa mapema, uliidhinishwa Tanzania mwaka 1999. Ni mbegu nzuri, lakini hesabu ya gunia peke yake haimtendei haki mkulima wa hapa. Mgogo ana ng'ombe. Mabua marefu ya mtama wa kienyeji ni chakula cha mifugo wakati wa kiangazi, ni uzio, na hata kuni. Anayesema mbegu fupi imeshinda apime na bua pia.

Jenomu kubwa kuliko zote katika kundi hili ni ya ngano: herufi kama bilioni 16, wakati za mwanadamu ni bilioni tatu na za mtama milioni 730 hivi. Ukubwa huo hauongezi hata punje moja. Kinachoziongeza ni kuchanganya mbegu: kwa Afrika Mashariki, hatua kubwa ya mbegu chotara ilipigwa Kitale, Kenya, mwaka 1964, ilipotolewa H611, mahindi yaliyotokana na Kitale Synthetic II na aina iliyoletwa kutoka Ekwado. Yaliyapita mahindi ya Kitale kwa takriban asilimia 40. Lakini yanahitaji msimu mrefu wa nyanda za juu. Huku kwetu mvua hukatika kabla hayajabeba.

Ndege wa porini walio wengi kuliko wote duniani ni kwelea kwelea, na anayelima mtama mweupe anawajua vizuri. Hapa kuna jeni inayonifanya nisite kusifu mavuno ya majaribioni. Tan1, iliyotambuliwa mwaka 2012, ikifanya kazi huipa punje tanini chungu, na ndege huiepuka. Ikiharibika, unga unakuwa mtamu na ugali unapendeza, lakini kundi likitua wanakula wao kwanza. Serena, mtama wa kahawia uliozalishwa Serere, Uganda, ulilindwa na uchungu huo. Watu wengi waliuona unafaa zaidi kwa pombe.

Kama ningepewa nafasi ya kutoa nishani moja tu kwa ajili ya Dodoma, ningeipa sifa ya kubaki kijani. Chanzo chake kinachojulikana zaidi ni mtama wa Ethiopia uliozaa aina ya B35. Wataalamu wameonyesha maeneo manne ya jenomu yanayohusika, Stg1 hadi Stg4, na mwaka 2014 watafiti wa Australia wakaeleza yanavyofanya kazi. Mmea huchipua matawi machache na majani ya juu huwa madogo, hivyo hutumia maji kidogo kabla ya kutoa maua. Unyevu unaobaki ardhini ndio unaojaza punje mvua zikishakata. Katika mwaka wa mvua nyingi sifa hii huenda isionekane. Machi ikikauka, ndipo tofauti inapoonekana shambani.

Mwizi mkubwa kuliko wote ni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi elfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri kemikali zinazotoka kwenye mizizi ya mtama. Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009, alizalisha mtama usioziamsha. Tanzania iliidhinisha aina mbili za kazi yake mwaka 2002: Hakika na Wahi. Mwaka 2017 jeni inayohusika ikajulikana, LGS1, na hapa tena siri ni upungufu: ikikosekana, mzizi hutoa kemikali ya aina nyingine, na kiduha hakiamki kwa wingi.

Bingwa wa joto na ukame ni uwele. Hubeba punje hata joto likizidi nyuzi 40, na huridhika na milimita 300 tu za mvua. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2017, miaka minane baada ya zile za mahindi na mtama. Aina za Okoa na Shibe zilitoka mwaka 1994, na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Hombolo, hapa hapa Dodoma, ndicho kinachoshughulikia uwele na mtama. Ila ua la uwele hutanguliza sehemu ya kike, kwa hiyo hupokea chavua ya shamba la jirani kabla ya yake mwenyewe. Mwenye Okoa akipakana na uwele wa kienyeji, baada ya misimu michache anakuwa na mchanganyiko, na itambidi atenge shamba la mbegu au anunue upya.