Je, Wajua? Karoti ya Mgeta Humtuliza Mtoto wa Mbwa

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu au minne, na kufikia mwezi wa saba hivi anakuwa na meno 42 ya ukubwani. Katikati hapo fizi humsumbua, naye hutafuna chochote: kandambili, mguu wa kiti, pindo la kanga.

Kwa mkazi wa Mwembesongo, mjini Morogoro, nafuu haiko mbali. Karoti hulimwa kwa wingi Mgeta, juu milimani Uluguru. Iliyo nene, ikigandishwa nzima kwenye friji, hupoza fizi. Atafune akiangaliwa, maana kipande kikubwa humpalia. Kamba nene ya katani iliyopigwa fundo ncha zote mbili nayo inafaa, lakini iondolewe mara inapoanza kuchambuka, kwani nyuzi zikimezwa huweza kuziba utumbo.

Kokwa la embe na gunzi la hindi? Hapana kabisa! Vyote huweza kukwama tumboni hadi mbwa apasuliwe. Wala asipewe kiatu kikuukuu: hajui tofauti yake na kile cha Jumapili.

Kong, kichezeo cha mpira kinachouzwa nchi nyingi, nacho kilianzia kwa mbwa mtafunaji. Mmarekani Joe Markham alianza kukitengeneza miaka ya 1970, baada ya Fritz, mbwa wake aliyezoea kuguguna mawe, kung'ang'ania kipuri cha mpira cha gari la Volkswagen.