Kusoma Mfuko wa Unga wa Lishe: Protini, Nafaka na Sumukuvu katika Chakula cha Mtoto

Katika kata ya Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mahindi huliwa lakini hayalimwi. Eneo hilo lilitengwa mwaka 1959 ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kisha marufuku ikarejeshwa mwaka 2009. Wakati huohuo, maziwa peke yake hayatoshi tena kulisha familia nyingi za Kimaasai, hasa wakati wa kiangazi, ng'ombe wanapokosa malisho. Pengo hilo huzibwa na nafaka inayotoka nje ya hifadhi, nyingi ikipitia Karatu. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, ambaye maziwa ya mama pekee hayamtoshi tena, nafaka hiyo mara nyingi humfikia kwa jina la "unga wa lishe". Jina hilo ni ahadi, na ahadi hiyo inaweza kupimwa.

Kikavu kilinganishwe na kikavu

Gramu 100 za unga wa mahindi zina protini takriban gramu 8 hadi 9. Gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina gramu 3 na ushei. Asomaye tarakimu hizo juujuu ataona unga umeshinda. Lakini takriban asilimia 87 ya maziwa ni maji. Maji yakiondolewa pande zote mbili, protini huwa zaidi ya robo ya kinachobaki katika maziwa, na takriban sehemu moja ya kumi tu katika unga.

Isitoshe, mtoto hali unga mkavu. Uji mwepesi wenye gramu 10 za unga katika kila gramu 100 una kilokalori zipatazo 36 na protini isiyofika gramu moja. Kiasi hicho hicho cha maziwa kina zaidi ya kilokalori 60. Tumbo la mtoto ni dogo, nalo huweza kujaa kabla mwili haujapata mahitaji yake.

Wingi wa protini na aina ya protini

Protini hujengwa kwa asidi amino, na mwili wa mnyama una zile usizoweza kujitengenezea. Mahindi yana upungufu wa mbili ambazo binadamu lazima azipate katika chakula: laisini na triptofani. Zikipungua hizo, protini nyingine iliyoliwa haitumiki ipasavyo katika ukuaji.

Somo hili lilionekana wazi katika chakula cha paka. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha. Huipata katika nyama. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliolishwa vyakula vya kiwandani vilivyodhaniwa kuwa kamili walikuwa wakiugua ugonjwa wa kutanuka kwa moyo kwa sababu ya upungufu wa kiungo hicho kimoja. Walipoongezewa taurini, mioyo yao ilipata nafuu. Mfuko ulikuwa umejaa chakula, lakini haukuwa na kile ambacho mwili uliokila ulikihitaji.

Kwa mtoto, kasoro ya mahindi hurekebishwa kwa kuyachanganya na vyakula vyenye laisini kwa wingi: maharage, soya, mayai, dagaa na, panapowezekana, maziwa.

Nafaka tano si lishe tano

Kwa kanuni za uandishi wa lebo, viungo hutajwa kwa mfuatano wa uzito, kikubwa kikitangulia. Mfuko unaotaja mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele, kisha soya mwishoni kabisa, ni mfuko wa nafaka. Viungo vitano vya kundi moja vinashiriki karibu kasoro zilezile, na kuviongeza hakumpi mtoto lishe mara tano. Nafaka moja au mbili pamoja na jamii ya kunde huweza kumfaa zaidi.

Soya nayo ina sharti lake. Ikiwa mbichi, ina vizuizi vinavyozuia uyeyushaji wa protini tumboni. Hivyo ni lazima ipikwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Nafaka na kunde pia zina faitati, ambazo hushika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe. Kuotesha nafaka ili kupata kimea, au kuchachusha uji, hupunguza faitati. Kimea kidogo pia hulainisha uji mzito, hata mtoto akaweza kumeza unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile.

Tarakimu inapodanganya

Maabara nyingi hupima protini kwa kupima nitrojeni, kisha kuzidisha kwa 6.25. Mwanya huo ulitumiwa vibaya. Mwaka 2007 paka na mbwa wa Amerika Kaskazini waliharibika figo baada ya kula chakula chenye melamini, kemikali ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Mwaka uliofuata kemikali hiyohiyo ilikutwa katika maziwa ya unga ya watoto nchini China: watoto karibu 300,000 waliugua na sita walifariki. Kwa hiyo tarakimu ya protini haitoshi bila msimamizi anayeikagua. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Shirika la Viwango, TBS, na alama yake katika mfuko ndicho kitu cha kwanza cha kutafuta, pamoja na jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Hatari isiyoonekana

Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Sumu hiyo hudhuru ini, na kwa miaka mingi huleta saratani yake. Nchini Kenya mwaka 2004 iliua watu 125. Mwaka 2016 iliua pia katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 katika kilo moja ya nafaka, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kinachowezekana nyumbani ni kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu kabla ya kusaga, kuweka unga pakavu juu ya kichanja, na kununua kiasi cha kumalizwa mapema.

Mpimaji wa mwisho

Kwa mzazi wa Endulen, unga wa mahindi uliochambuliwa vizuri, ukapikwa uji mzito pamoja na maharage yaliyopondwa au maziwa na mafuta kidogo, unaweza kuushinda mfuko wa bei kubwa wenye nafaka saba.

Hata hivyo, mpimaji wa mwisho ni mtoto mwenyewe. Uzito unaopanda katika kadi ya kliniki ni ushahidi kwamba chakula kinatosha. Mstari ukilala au kushuka, sababu itafutwe mapema. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5, au mwenye miguu iliyovimba, ana utapiamlo mkali. Huyo hahitaji unga mwingine wa dukani. Anahitaji kufikishwa hospitalini bila kuchelewa, akapewe chakula-dawa chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya.