Mtoto Wako Amesikia Nini Leo?

Mzazi ambaye mtoto wake amepewa kifaa cha kusaidia kusikia hurudi nyumbani na furaha, akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Kifaa hufikisha sauti sikioni tu. Kuitambua sauti hiyo ni jambo la kujifunza, nalo hujifunzwa jikoni na uani kuliko hospitalini. Hata watoto waliopandikizwa kifaa ndani ya sikio, huduma iliyoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, huhitaji miezi mingi ya mazoezi.

Basi nunua daftari. Kila jioni andika mtoto alisikia nini, kwa umbali gani, na palikuwa na kelele gani. Usiandike "leo amesikia vizuri", maana maneno hayo hayamfai mtaalamu. Andika: "Kifuniko cha sufuria kilianguka, akageuka. Nilimwita kutoka mlangoni mara mbili, redio ikilia, hakugeuka."

Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Mama anamwambia mwanawe, "Lete kikombe," huku akikitazama na kukinyoshea kidole. Kikombe kinaletwa, na nyumba nzima inashangilia. Mtoto huyo amesoma kidole, hakusikia neno. Midomo nayo hudanganya: "baba", "papa" na "mama" hufanana machoni pa anayetazama. Mwambie akiwa amekupa mgongo, nawe ukiwa umetuliza mikono. Akileta kikombe, andika, tena kwa wino.

Kuna pia kipimo cha asubuhi, kisichogharimu hata senti, alichokieneza Daniel Ling, mwalimu wa watoto viziwi aliyefanya kazi Montreal, Kanada. Ni sauti sita: "aa", "uu", "ii", "mm", "sh" na "ss". Zimechaguliwa kwa kuwa zinaanzia sauti nene hadi nyembamba za usemi wa binadamu. Kaa nyuma ya mtoto, asione midomo yako. Zitamke moja moja kwa sauti ya kawaida, ukibadilisha mpangilio, na mara nyingine unyamaze kidogo ili asibahatishe. Kila asikiapo, atumbukize kizibo cha soda koponi. Aliye mkubwa airudie sauti yenyewe. Anza karibu, kisha rudi nyuma hatua tatu.

Ikiwa jana aliisikia "ss" na leo haisikii, usimgombeze. Badili betri. Tazama kama nta imeziba kifaa, au kama kipande kinachokaa sikioni kimekuwa kidogo, kwa maana masikio ya mtoto hukua. Yote yakiwa sawa na bado hasikii, huenda sikio linauma au lina usaha. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki.

Wako wazazi wanaoogopa kwamba lugha ya alama itamfanya mtoto asijitahidi kusikia. Mwandishi huyu haoni sababu ya kumnyima mtoto njia moja ya kuzungumza na mama yake wakati nyingine ingali inatafutwa.

Siku ya kliniki, beba daftari hilo. Mtaalamu ana dakika chache tu na mtoto wako chumbani mwake palipo kimya. Wewe ndiwe unayejua ni sauti ipi iliyompotea Jumatano, feni ilipokuwa inazunguka.