Anaimba ukurasa, hajausoma

Mpe mtoto wa darasa la kwanza kitabu chake mwezi wa Juni, atakusomea ukurasa mzima bila kukwama. Kisha mwonyeshe neno moja tu, katikati ya mstari wa tatu. Wengi hapo hunyamaza, au huanza kughani upya tangu juu mpaka walifikie. Ukurasa wameushika kwa sikio, darasa zima likiitikia baada ya mwalimu. Mzazi aliyejigamba jana kwa majirani anadhani mtoto amesahau. Hajasahau kitu, kusoma kwenyewe alikuwa bado hajakuanza.

Njia nyingine ya kumpima ni kumwandikia neno lisilokuwepo, kama vile "lamipo" au "tukeso". Akilitamka, basi anasoma, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwimbisha neno hilo. Wapimaji wa stadi za kusoma hutumia maneno ya kubuni ya namna hiyo kwa sababu hiyohiyo.

Kiswahili chenyewe kimempunguzia mtoto mzigo. Vokali ni tano, na kila moja ina sauti yake popote itakapokaa. Akizijua hizo, akaziunganisha na m, b, k na l, tayari anaweza kuandika mama, baba, kaka, kuku, embe na meli. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Watoto wa Ufini, Ugiriki na Italia, mwisho wa mwaka wa kwanza, walisoma sawasawa zaidi ya maneno tisa katika kila kumi ya kawaida; waliojifunza kwa Kiingereza walipata kama theluthi tu. Kwa tahajia, Kiswahili kinakaa benchi moja na Kifini.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2010 ripoti za Uwezo, mradi uliokuwa ukipima stadi za watoto, zilionyesha kuwa kati ya watoto kumi wa darasa la tatu Tanzania, takriban watatu tu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Lugha haikuwa na kosa. Serikali ilijibu kwa kupunguza masomo: mtaala wa mwaka 2015 uliyapa madarasa mawili ya mwanzo kazi moja kubwa, KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, umeziacha stadi hizo tatu palepale mbele. Mimi nausifu uamuzi huo, ingawa najua wazazi waliolalamika kuwa watoto wao "hawasomi sayansi". Sayansi ataisoma kwa macho gani?

Ugumu wa Kiswahili unakuja baadaye kidogo, konsonanti zinapoanza kuandamana. Mtoto aliyezoea ma, me, mi, mo, mu akikutana na "mtu" husoma "mutu" au "matu", maana hajaambiwa kuwa m inaweza kusimama peke yake. Halafu kuna mbuyu na mbuzi. Yote mawili yanaanza na herufi tatu zilezile, ila mbuyu una silabi tatu na mbuzi ana mbili. Mtu mzima hulitamka hilo maisha yake yote bila kulifikiria. Mwalimu wa darasa la kwanza lazima alifikirie, na bado ng'ombe na ngoma, nywele na mbweha vinamsubiri.

Kuandika nakupita haraka. Penseli inabanwa mpaka karatasi inatoboka, b inageuka d, na mwalimu mjanja huwatoa watoto nje kwanza wakachore herufi mchangani. Kuhesabu nako kuna wimbo wake. Mtoto anayefika ishirini kwa mdomo anaweza kushindwa kukupa vizibo saba vya soda. Kumi na moja mpaka kumi na tisa hajifunzi kwa taabu, kwa kuwa zinajieleza. Ishirini, thelathini na arobaini hazina dalili yoyote ya mbili, tatu wala nne; hizo ni za kumeza. Akiambiwa aandike ishirini na tano anaandika 205, na ukimsikiliza utaona ana mantiki: kasikia ishirini, kaiandika, kisha tano.

Wapo wanaokutana na Kiswahili chenyewe mlangoni mwa darasa. Mtoto wa Meatu aliyelelewa kwa Kisukuma, au wa Ngorongoro aliyelelewa kwa Kimaasai, anaweza kuzimudu silabi zote, akasoma "bata anaogelea bwawani" kwa sauti safi, na asimwone bata yeyote. Walimu wengi huchomekea lugha ya nyumbani kimyakimya. Sera hairuhusu, mimi nawaunga mkono. Unguja na Lamu hali ni nyingine: mtoto huenda ameshakaa chuo cha Qurani, anazijua alifu na bee na mstari unaoanzia kulia. Herufi za shule ni ngeni kwake, lakini jambo kubwa kuliko yote, kwamba alama ina sauti, analo tayari.

Turudi kwenye kuitikia, maana hakutokani na uvivu wa mwalimu. Kiwango rasmi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, yako madarasa ya kwanza yenye watoto zaidi ya mia. Kipindi ni dakika 30. Kwa watoto 120, kila mmoja akisomeshwa peke yake anapata sekunde 15, na hapo mwalimu hajasalimia, hajafuta ubao, hajamruhusu mtu kwenda chooni. Kuwaitikisha wote kwa pamoja ndiyo njia pekee ya kila mdomo kufunguka.

Mwalimu mkuu akipanga ratiba, aliye hodari hupelekwa darasa la saba, kwa kuwa matokeo ya mtihani wa taifa hutangazwa na shule hupimwa kwayo. Ningepanga kinyume. Yule anayeweza, katikati ya sauti mia, kumtambua mtoto anayechezesha midomo tu bila kutoa neno, huyo ningempa darasa la kwanza, na la saba litafutiwe mwingine.