Chumvi ya Uvinza na Mito ya Buha

Watu wanapotaja mambo ya kale, aghalabu fikra zao huelekea kwenye mawe: piramidi za Misri, kuta za Zimbabwe Kuu, magofu ya Kilwa Kisiwani. Mfano mwingine unaosifiwa sana ni ule wa Wamaya wa Amerika ya Kati. Katika Belize, nchi ndogo ya joto na misitu ambayo eneo lake halifikii ukubwa wa Mkoa wa Kigoma, Wamaya walijenga miji ya mawe ambayo magofu yake yangali yamesimama. Katika mji wao wa Caracol lipo jengo liitwalo Caana, ambalo kimo chake ni mita 43.

Mwanafunzi wa Kibondo au Kasulu asomaye habari hizo huenda akadhani kwamba nchi yake haina mambo ya kale, kwa kuwa juu ya vilima vya Buha haoni kuta wala piramidi. Dhana hiyo si sahihi. Kusini mwa Kasulu, karibu na mahali mto Ruchugi unapoungana na mto Malagarasi, yapo mabaki ya kazi ya watu iliyoanza yapata miaka 1,500 iliyopita. Mabaki hayo ni majivu, makaa na vigae vya vyungu. Mahali penyewe ni Uvinza, na kazi iliyofanyika hapo ni ya kutengeneza chumvi. Ili kuifahamu kazi hiyo sharti kwanza kuyafahamu maji ya nchi yenyewe.

Mto uliolitangulia ziwa

Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo ziko kwenye kimo cha mita zipatazo 1,200 hadi 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua inyeshayo hapo hulisha mito mingi, na mkubwa wake ni Malagarasi. Msomaji akiufuata mto huu katika ramani ataona jambo la ajabu. Chanzo chake hakiko mbali na Ziwa Tanganyika, lakini mto hauendi ziwani moja kwa moja. Kwanza huelekea kaskazini-mashariki, ukiwa kwa sehemu fulani ndio mpaka wa Tanzania na Burundi. Kisha huzunguka kupitia upande wa Kibondo, hushuka kusini hadi katika mabwawa makubwa, na mwishowe hugeukia magharibi, hupita karibu na Uvinza na kuingia ziwani kusini mwa mji wa Kigoma. Safari yote ni ya kilomita zipatazo 475.

Mabwawa hayo ya Malagarasi na Muyovosi ni miongoni mwa maajabu ya asili ya Tanzania. Ni nchi ya mafunjo, matete na maji yaendayo polepole, na ndiyo makao ya korongo nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye ni adimu duniani. Mwaka 2000 eneo hili, lenye hekta zaidi ya milioni tatu, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Lilikuwa la kwanza kuandikishwa kutoka Tanzania.

Malagarasi una ajabu nyingine isiyoonekana kwa macho. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, lilifanyika wakati ardhi ilipopasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Wataalamu wa samaki wamegundua kwamba baadhi ya samaki wa Malagarasi wanafanana na wale wa mto Kongo, ng'ambo ya ziwa, ingawa hawapatikani ziwani kwenyewe. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mto huu ni wa zamani kuliko ziwa: kabla bonde halijadidimia, maji ya Malagarasi yalitiririka hadi katika mito ya Kongo. Ziwa lilipofanyika liliukata mto, na samaki wa pande mbili wakabaki kuwa mashahidi wa undugu wa kale.

Chumvi itokayo ardhini

Bonde la Uvinza limekaa juu ya miamba ya kale mno, iliyofanyika mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya kuwako wanyama wakubwa. Maji ya mvua hupenya katika nyufa, hushuka, huyeyusha chumvi iliyomo ardhini, kisha hupanda tena na kutokea juu kama chemchemi kandokando ya mto. Hivyo katika sehemu moja maji matamu ya Ruchugi, yatokayo kwenye vilima vya Kasulu, hupita jirani na maji makali ya chumvi.

Thamani ya chemchemi kama hizo ni kubwa kwa watu wakaao mbali na bahari. Mwili wa binadamu hauwezi kuishi bila sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida. Mwindaji alaye nyama nyingi huipata humo, lakini mkulima ambaye chakula chake ni nafaka, maharage na ndizi hupata kidogo. Kwa sababu hiyo kilimo kilivyoenea ndivyo haja ya chumvi ilivyozidi. Mahali pengi katika bara watu walichoma majani na matete ya mabwawani, wakachuja majivu yake na kupata munyu. Lakini munyu wa majivu una potasiamu nyingi na ladha yake ni chungu. Chumvi ya Uvinza ilikuwa safi zaidi, ndiyo maana ilitafutwa na watu wa mbali.

Ushahidi wa majivu

Katika miaka ya 1960 wanahistoria wawili, John Sutton na Andrew Roberts, waliichunguza Uvinza kwa kuchimba karibu na chemchemi na kwa kukusanya masimulizi ya wazee. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1968. Walikuta matabaka ya mabaki ya uchemshaji, moja juu ya jingine, pamoja na vigae. Vigae vya tabaka la chini vilikuwa vya namna ya Zama za Chuma za mwanzo, tofauti na vile vya juu.

Umri wa matabaka hayo ulipimwa kwa njia ya kaboni 14. Mti ulio hai huvuta kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo ni ya namna iitwayo kaboni 14, ambayo hupungua yenyewe kwa kutoa mionzi. Mti ukikatwa, hauvuti tena kaboni mpya, na ile kaboni 14 iliyomo huanza kupungua kwa mwendo usiobadilika: nusu yake hutoweka kila miaka 5,730. Kaa lenye umri wa miaka 1,500 huwa limebakiwa na asilimia 83 hivi ya kaboni 14 yake ya awali. Kwa kupima kiasi kilichobaki, umri hujulikana. Kwa njia hiyo makaa ya Uvinza yalionyesha kwamba uchemshaji wa chumvi ulikuwako tangu karne ya 5 au ya 6.

Hesabu ya kuni

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini watu walisafiri siku nyingi kwenda Uvinza, badala ya kuchemsha maji yoyote yenye chumvi yaliyokuwa karibu nao? Jibu limo katika somo la fizikia.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ili kupata kilo moja ya chumvi kwa kuchemsha, lazima kugeuza kuwa mvuke maji ya kilo 28. Kila kilo ya maji huhitaji megajuli zipatazo 2.6 ili ichemke kutoka nyuzi 20 na kugeuka yote kuwa mvuke. Jumla ni megajuli 73. Ikichukuliwa kwamba moto wa mafiga huingiza katika chungu sehemu moja tu kwa tano ya joto lake, na kwamba kilo ya kuni kavu hutoa megajuli 16, basi kilo moja ya chumvi itagharimu zaidi ya kilo 20 za kuni.

Sasa ichukuliwe, kwa mfano, chemchemi yenye gramu 150 za chumvi katika kila lita. Kwa hesabu ile ile, kuni zinazohitajika ni kilo tano tu. Kwa hiyo utajiri wa chemchemi kali hauko katika chumvi peke yake. Uko katika miti isiyokatwa na mizigo ya kuni isiyobebwa. Hata hivyo kilo tano za kuni kwa kila kilo ya chumvi, zikizidishwa kwa karne nyingi, ni msitu mkubwa. Majivu ya Uvinza ni hesabu ya miti ya miombo iliyoandikwa ardhini.

Soko la watu wengi

Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, kwa sababu masika mto hufurika na maji yake huzimua chemchemi. Katika karne ya 19 watu wa makabila mbalimbali walipiga kambi bondeni, wakachemsha maji katika vyungu, na watawala wa Wavinza wakatoza ushuru. Chumvi ilibadilishwa kwa mifugo, vyakula na majembe ya chuma, ikafika Buha, Unyamwezi na pande za ziwa. Misafara ya biashara ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilipita katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, alipita Uvinza na Uha, na alidaiwa hongo nyingi hata akaamua kuimalizia safari ya Uha kwa njia ya maficho usiku. Watawala wa nchi hii walijua thamani ya njia zao.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, kiwanda cha chumvi kilijengwa Uvinza, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi ikapata njia mpya ya kusafiri.

Wamaya nao walichemsha chumvi

Hapa inafaa kurudi Belize. Huko, chini ya maji ya pwani katika eneo la Paynes Creek, mtaalamu Heather McKillop na wenzake waligundua mabaki ya karakana za chumvi za Wamaya. Matope ya mikoko yalihifadhi nguzo za nyumba za mbao na hata kasia zima la mtumbwi. Ndani ya nyumba hizo watu walichemsha maji ya chumvi katika vyungu juu ya moto, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na chumvi yao ikalisha miji ya bara.

Basi nyuma ya piramidi za mawe walikuwako watu wa vyungu, kuni na majivu, waliofanya kazi ile ile iliyofanywa Uvinza katika zama zinazokaribiana. Hawakujuana wala kufundishana. Haja ilikuwa moja, na maumbile yalitoa jibu moja.

Wajibu wa shule

Kuta za mawe huweza kujilinda kwa muda mrefu. Tabaka la majivu haliwezi. Shimo moja la taka au la udongo wa matofali, likichimbwa pasipofaa, huchanganya katika siku moja mambo yaliyopangwa kwa karne kumi na tano, na kigae kilichotolewa mahali pake hakiwezi tena kusema umri wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya namna hiyo, lakini sheria haina macho kila kijijini. Walimu na wanafunzi wanayo.

Mwanafunzi akiona vigae, majivu mengi au mavi ya chuma shambani, asichimbe. Na achore ramani ya mahali hapo, aandike alichokiona, amwonyeshe mwalimu, na mwalimu apeleke habari kwa ofisi ya wilaya ili ifike Idara ya Mambo ya Kale. Somo la kemia nalo linaweza kufanyiwa kazi darasani: maji ya chumvi yakivukizwa polepole katika sahani juani, fuwele zitaonekana bila kuchoma hata kijiti kimoja. Katika wilaya ambazo kuni bado ndizo nishati ya nyumba nyingi, na ambazo tangu miaka ya 1990 zimepokea wakimbizi wengi wenye haja ile ile ya kuni, tofauti kati ya jua na moto si jambo la kitabuni tu. Ni suala la miombo itakayobaki juu ya vilima, na la maji yatakayoendelea kushuka katika Ruchugi na Malagarasi.