Mbolea Haiunguzi, Inatia Kiu

Mbolea ya chumvichumvi ikiwekwa karibu mno na shina la mhindi, majani hukauka kuanzia kingoni, na wakulima husema mmea umeungua. Neno hilo linaeleza vizuri kinachoonekana, ila linaficha kilichotokea. Kwa sehemu kubwa mhindi huo umeuawa na kiu, tena pengine udongo ukiwa bado na unyevu.

Ushahidi uko jikoni. Vitunguu vya kachumbari vikinyunyiziwa chumvi hulegea, na baada ya dakika chache bakuli lina maji ambayo hakuna aliyeyatia. Yametoka ndani ya seli. Kila seli ina kifuko cha maji, vakuoli, na utando unaopitisha maji kwa urahisi huku ukizuia sehemu kubwa ya chumvi; nje ya utando upo ukuta imara. Maji huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, na huko ndiko kunakoitwa osmosisi. Kwa kawaida upande huo ni ndani, hivyo seli hujaa na jani husimama kama tairi la baiskeli lililojazwa upepo. Chumvi ikizidi nje, safari hugeuka: kifuko hunywea, utando hubanduka ukutani, jani hulala. Hugo de Vries, mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, aliyapima haya katika karne ya 19 kwa nitrati ya potasiamu, ambayo leo ni mbolea, na pia kwa sukari. Sukari haiunguzi kitu, lakini seli zilinywea vilevile; na zikirudishwa mapema kwenye maji baridi, hujaa tena. Kilichoungua hakirudi hivyo.

Ni kweli kwamba chumvi ina sumu pia: sodiamu na kloridi hurundikana majanini na kuyadhuru, lakini hilo huja baadaye, kiu ikiwa imeshaanza. Na mikoko je, inayoishi katika bahari yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita? Nayo haijaikwepa kanuni. Mizizi ya mkoko huzuia chumvi nyingi isipite, mchu, aina mojawapo ya mikoko, huitoa kupitia majani hadi ukiyalamba unaionja, na seli za mikoko hujilimbikizia vitu vilivyoyeyuka vya kutosha kuyashika maji. Mhindi hauna uwezo huo. Kwa hiyo mbolea ikae mbali kidogo na shina, udongo ukiwa na unyevu. Na ikishazidi, mwagia maji mengi siku hiyohiyo, yaisukume chumvi chini ya mizizi kabla utando haujachanika.